Mlinzi wa Saa Tisa

Mtu akikosa usingizi mjini Kitale hakosi washauri. Jirani atamwambia anywe maziwa ya moto, muuza mboga atamwekea kando parachichi lililoiva sawasawa, mzee wa msikitini atamfundisha nyiradi za kusoma kabla ya kujinyoosha, na mwenye duka la pembejeo, ambaye ilimu yake yote ni ya mbolea na mbegu za mahindi, atamtajia bila ya kuulizwa vidonge alivyomeza ndugu yake akalala hata saa nne za asubuhi. Mimi, niliyezaliwa pwani katika joto na kuletwa na riziki hadi huku juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, ambako blanketi moja ni dhihaka, niliyasikiliza mashauri hayo kwa adabu, nikayafuata aghalabu (isipokuwa ya vidonge), wala sikupata lepe la usingizi. Na ajabu ni kuwa Kitale, mvua ikisha kupiga mabati, ni mji mtulivu kabisa, kwa hiyo mwenye kukesha hana hata kelele ya kuilaumu.

Hatimaye nilimwendea tabibu mmoja, mtu mpole asiyekuwa na haraka, naye hakuniuliza juu ya majini wala juu ya madeni. Aliniuliza juu ya chai. Nilipomweleza kuwa katika nyumba yangu chai ya maziwa, iliyochemshwa na majani hata ikawa nyekundu, hunywewa baada ya chakula cha usiku, akatikisa kichwa. Mchana kutwa, alisema, hujikusanya ubongoni kitu kiitwacho adenosini, ndicho kimleteacho mtu uzito wa macho, na kafeini iliyomo katika chai huja ikakalia kiti cha adenosini isiweze kufanya kazi yake. Na maadam mwili huhitaji kiasi cha saa tano kuiondoa nusu tu ya kafeini hiyo, kikombe cha saa mbili za usiku, ifikapo saa saba, nusu yake ingali imo mwilini. Akaniamuru chai yangu ya mwisho iwe kabla ya alasiri, simu ilale sebuleni, na kuamka kuwe kwa saa ile ile kila siku, nimelala au sikulala, nitoke nikakutane na mwanga. Watu wa Ulaya, ambao msimu wa baridi huamka gizani, wana udhuru. Sisi tulio digrii moja tu kaskazini ya ikweta, ambao jua hutuchomozea karibu na saa kumi na mbili na nusu, Januari kama Julai, udhuru huo hatunao.

Amri ya mwisho ndiyo iliyonitia matatani. Kitanda ni cha kulalia, si cha kugaragara; kanuni hii ilitungwa mwaka 1972 na mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, nayo yasema kuwa usingizi usipokuja, mtu aondoke kitandani, akakae penginepo, asirudi mpaka macho yawe mazito. Bootzin, nadhani, hakuwa na jiko dogo lenye karai la vyombo sakafuni. Usiku wa kwanza niliinuka kimyakimya, bila ya tochi kwa kuwa tochi yangu ni ile simu iliyofukuzwa chumbani, nikalitumbukiza guu langu katika karai hilo, na kabla masufuria hayajatulia, Mama Watoto alikuwa mlangoni, mwiko wa ugali mkononi, akiuliza kwa sauti isiyotetemeka hata kidogo, “Weye nani?” Nikamjibu kuwa ni mimi, natibiwa.

Basi, katika hali hiyo, ikaingia Agosti. Wakwe zangu ni Wabukusu wa Bungoma, na Wabukusu hutahiri vijana wao katika miaka ya shufwa, aghalabu mwezi huo. Kijana huzunguka kwa jamaa akigonga kengele zake za chuma, chinyimba, akiwaalika, na usiku wa kuamkia siku yenyewe boma zima hukesha kwa nyimbo na busaa, hata alfajiri apelekwe mtoni kupakwa tope. Shemeji yangu, babake kijana, aliyekuwa hana nguvu tena kwa kupokea wageni, alinivuta kando akaniambia, “Shemeji, wewe si hulali? Nijinyooshe kidogo; saa tisa uniamshe.” Maradhi yangu yakageuka cheo. Nikaketi katika kiti cha plastiki, nimeazimia kwa roho yangu yote kutofumba jicho, kengele zikilia kiasi cha hatua tatu kutoka sikioni mwangu.

Viktor Frankl, tabibu wa Vienna, alikuwa akiwashauri wagonjwa wenye kukosa usingizi wajitahidi kukesha, kwani kinachowanyima usingizi ni ile jitihada ya kuutafuta. Laiti ningalimjua kabla ya usiku ule! Nililala fofofo. Mama mkwe, ambaye kwa mila zao hamkaribii mkwe wake wa kiume, aliniona nikikoroma, akasimama mbali, akamtuma mtoto aniamshe. Na mtoto, kwa huruma, akanifunika blanketi. Shemeji aliamshwa na nyimbo za waliokwisha kurudi kutoka mtoni, akatoka mbio amelivaa koti ndani nje. Kijana, nasikia, alisimama imara wala hakupepesa jicho. Nasema nasikia, kwa kuwa mimi niliamka watu wanakunywa chai.

Sasa nikipanda kitandani Kitale hujiamuru kulinda mpaka saa tisa, na mara nyingi zamu hunishinda mapema. Bungoma mambo ni mengine. Mwaka ujao wa shufwa kuna kijana mwingine katika boma lile, na wazee wamekwisha kunigawia kazi: nitashika kandili langoni, na kiti hakitatolewa.