Bwana Harusi Asiye na Miguu

Kwa miaka mingi intaneti yangu ilikuwa na magurudumu sita na konda. Nikishapiga picha za harusi hapa Lushoto, nazitia kwenye flashi, flashi naiviringisha kwenye nailoni, naiweka ndani ya bahasha yenye namba ya simu, kisha nateremka stendi alfajiri na koti langu. Gari linashuka kona za Soni hadi Mombo, linashika barabara kuu, linapita Korogwe na Segera, mchana liko Tanga. Huko kuna jamaa mwenye mashine ya kuchapa albamu. Baada ya siku mbili tatu albamu inapanda mlima kwa gari lile lile.

Konda wa gari hilo alikuwa na tabia iliyoniudhi. Kabla ya kupokea mzigo anaupima mkononi, ananitazama, halafu anauliza: "Kaka, umemaliza kweli? Hujasahau kitu?" Siku moja aliitikisa bahasha sikioni akanirudishia. Flashi ilikuwa mfukoni mwa koti.

Mpwa wangu, aliyekuja likizo kutoka chuoni, aliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. "Mjomba, mpaka leo unatuma picha kwa basi?" Akachukua kompyuta yangu kuukuu, akaiwekea Linux, akatengeneza folda moja akaiita TUMA. Chochote nitakachotia humo, alisema, kitakwenda chenyewe kwenye seva, na yule wa Tanga atakichukua huko.

Nikamuuliza folda inajuaje kwamba nimetia kitu. Akanieleza kuwa walinzi wa folda wako wa aina mbili. Kuna anayekuja kuchungulia kila dakika, kama mtoto anayefunua sufuria la makande kuangalia kama yameiva. Na kuna anayekaa kitako tu, mfumo wenyewe ukamgusa bega jambo likitokea. Kwenye Linux kazi hiyo ya kugusa bega inafanywa na kitu kiitwacho inotify, kilichoingizwa mwaka 2005. Yeye alichagua mlinzi wa pili, wa kisasa. Nikamnunulia kilo ya nyama.

Jumamosi ikaja na harusi yake, picha zaidi ya 400. Nilichomeka kadi ya kamera, nikazibwaga picha zote kwenye TUMA, nikajimiminia chai. Namba zikawa zinapanda kwenye kioo. Nilijiona mkurugenzi.

Jumatatu simu ikaita kutoka Tanga.

"Kaka, bwana harusi hana miguu."

Nikamwambia anayo, nimemwona akicheza nayo.

"Kwangu hana. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni kijivu. Bibi harusi ana shela na paji la uso, basi. Mama mzazi kabaki kilemba. Keki ninayo ghorofa ya juu peke yake."

Faili, kumbe, haliangukii kwenye folda kama jiwe. Linamiminika, kama mahindi yanavyotoka kwenye gunia kuingia kwenye debe. Jina ndilo linalotangulia, tumbo linajaa baadaye, na kadi yangu ni ya zamani, inamimina kwa kutafakari. Sasa, Linux hutoa taarifa zaidi ya moja: kuna ya kwamba faili limezaliwa, na kuna ya kwamba faili limeandikwa na kufungwa. Mpwa alimwambia mlinzi asikilize ile ya kwanza. Kwa hiyo mgeni akisema hodi tu, huku mguu mmoja uko nje, mlinzi alikuwa keshamkamata na kumsafirisha Tanga hivyo hivyo alivyo.

Dawa ilikuwa kubadilisha neno moja kwenye skripti. Juu yake akaniongezea folda nyingine, JIKONI. Picha zinaanzia huko, zinaiva, halafu ndipo nazihamishia TUMA. Ndani ya diski moja kuhamisha hakubebi kitu, ni kubadilisha anwani tu, kwa hiyo picha inatokea upande wa pili ikiwa nzima, na viatu vyake. Mlinzi naye akafundishwa kuwatambua wanaohamia.

Usiku ule niliionea haya milima hii. Mwaka 1892 afisa mmoja Mjerumani wa huku kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau la Usambara. Zikavuka bahari kwa meli, zikafika, zikaota, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa ua lile jina la Saintpaulia. Sijasikia popote kwamba baba alilalamika ua halina shina. Mimi na seva yangu tulishindwa kufikisha suruali Tanga.

Habari ya bando niipitie haraka, maana bado inauma. Video ya harusi ilikuwa gigabaiti 3. Mtandao ukakatika ikiwa imebaki kidogo, programu ikaanza upya kutoka sifuri, ukakatika tena, ikaanza tena. Bando la mwezi likaisha Alhamisi. Ndipo mpwa akakumbuka rsync, programu ambayo Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996, na ambayo ukiiagiza itunze kipande kilichokwisha kufika, inaendelea kutoka hapo. Nikamuuliza kwa nini hakuanza nayo. Akaniambia, "Mjomba, tulikuwa tunajifunza." Bando lilikuwa langu.

Mambo yakatulia, tukavimba kichwa. Akaiunganisha hadi simu yangu: kila picha nitakayopiga iende TUMA bila waya. Wiki hiyo hiyo nilipiga picha ukurasa wa daftari la madeni, nisisahau nani ananidai na nani namdai. Nadhani mnaona gari linakoelekea.

Albamu ilifunguliwa sebuleni kwa wakwe, wazee wamekaa, soda zimefunguliwa. Ukurasa wa mwisho, baada ya keki, kwenye karatasi ya kung'aa na kingo za dhahabu, kulikuwa na mwandiko wangu: majina tisa na kiasi mbele ya kila jina. La tatu lilikuwa la baba wa bibi harusi. Jamaa wa Tanga alichapa alichokikuta, kama alivyoelekezwa. Konda aliupandisha mzigo mlimani bila kuuliza, maana siku hizi simpi cha kushuka nacho, analeta tu.

Kesho yake mzee alikuja studio kabla sijafungua. Alinisalimia vizuri, akahesabu fedha mezani noti kwa noti, akakohoa.

"Ile picha usiiondoe," akasema. "Ila ichapwe upya, mbele ya jina langu paandikwe nimelipa."

Hadi jioni walikuwa wamefika wengine watano. Mpwa akapiga simu kutoka chuoni, ameshasikia, sauti imemnywea: aikate simu yangu kutoka kwenye ile folda, au vipi?

Nikamwambia asubiri kidogo. Ukurasa wa pili wa daftari nilikuwa bado sijaupiga picha.