Muulize Shangazi: Saa Nane ya Usiku Kuna Nani Bombani?

Dar es Salaam, Novemba 2022

Tangu ratiba ya mgawo wa maji itoke mwezi uliopita, barua za safu hii zimebadilika. Zamani niliandikiwa mapenzi matupu: fulani kanitenda, fulani hapokei simu. Sasa naandikiwa mapenzi na ndoo, na mara nyingi ndoo inatangulia. Barua moja imenifikia ikiwa imeandikwa nyuma ya ratiba yenyewe. Mwenye barua kaeleza kwamba hajaiona kazi nyingine ya ile karatasi. Nimezijibu chache, nyingine zimelowa hazisomeki.

*Shangazi, shikamoo. Miaka kumi na miwili ya ndoa mume wangu hajawahi kuamka usiku, hata mtoto alie vipi. Tangu mgawo uanze, siku ya zamu yetu anaamka mwenyewe saa nane usiku, anajipaka mafuta, anatoka na ndoo. Anarudi saa kumi, suruali imelowa mpaka magotini, ndoo moja mkononi, anapiga mluzi. Bomba lenyewe liko uani kwa jirani, mjane. Nifanyeje?*
— Macho Makavu, Tabata

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye yale mafuta.

Lakini tusimhukumu mtu kwa mafuta. Twende kwenye hesabu. Maji ya mgawo hayaji kama mgeni wa heshima anayebisha hodi. Kwanza koki inakohoa. Inatoa hewa, inanyamaza, inakohoa tena. Kisha inatema maji ya rangi ya chai ya rangi, yana kutu na mchanga. Wazoefu huyakinga kwenye ndoo ya kupigia deki. Baada ya hapo ndipo unaanza uzi mwembamba wa maji safi, na hapo mtu anasimama kwa mguu mmoja akihamisha usingizi kwenda mguu wa pili. Kwa uzi wa namna hiyo, ndoo ya lita ishirini hujaa kwa dakika kumi. Saa mbili ni ndoo kumi na mbili. Mumeo analeta moja.

Ndoo kumi na moja ziko wapi? Kuna majibu mawili ya halali. La kwanza ni foleni: kama nyumba kumi zinategemea bomba moja, kurudi na ndoo moja ni ushujaa, na mluzi ni haki yake. La pili ni kwamba maji yalikatika. Jibu la tatu sitaliandika, gazeti hili linasomwa na watoto.

Usimfuate kwa kunyatia. Siku ya zamu vaa kanga mbili, beba ndoo zako tatu, mwambie, "Baba Fulani, leo tunakwenda wote, sebuleni kuna pipa tupu." Akifurahi, umepata msaidizi. Akisema upumzike, usiku kuna baridi (Tabata, mwezi wa Novemba!), niandikie tena, na safari hii usiandike jina la mtaa. Mwingine angekwambia ndoa ni uvumilivu. Mimi nakwambia hesabu ndoo.

*Bi Shangazi, sisi wapangaji wa nyumba moja tumegawanyika. Ratiba inasema tutapata maji "Jumanne usiku". Upande mmoja ulikesha Jumatatu kuamkia Jumanne, upande wa pili ukakesha Jumanne kuamkia Jumatano. Nani alikuwa sahihi?*
— Mkesha Bure, Magomeni

Umegusa jambo kubwa kuliko bomba. Kwa sisi watu wa pwani siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Jumanne unatangulia mchana wa Jumanne. Ukiniambia njoo usiku wa Ijumaa, nakuja Alhamisi jioni na kanzu za watu zimepigwa pasi. Kwa kalenda ya ofisini siku inaanza saa sita ya usiku, wakati wote wamelala isipokuwa kompyuta. Aliyeipanga ratiba anafikiri kwa kompyuta, lakini shangazi yake anafikiri kwa jua, kama mimi.

Basi nani alikuwa sahihi? Hujaniambia maji yalitoka lini. Nahisi hayakutoka katika mkesha wowote kati ya hiyo miwili, ndiyo maana mna nafasi ya kubishana. Wekeni zamu: wapangaji wa mlango wa mbele wakeshe Jumatatu, wa nyuma Jumanne, na koki iachwe wazi juu ya sufuria kubwa ya bati tupu. Maji yakianza, sufuria itaita nyumba nzima. Sauti hiyo haina tafsiri mbili.

*Shangazi, nina bustani ya nyasi niliyoitunza miaka sita. Siku hizi nikishika mpira wa kumwagilia, majirani wananikazia macho. Lakini mimi na mgawo hatuhusiani: nina simtanki mbili za lita elfu kumi kila moja, na zikiisha naita boza. Sisi tunaonunua kwa pesa zetu, shida ya wengine inatuhusu nini?*
— Mwenye Nyasi, Mbezi Beach

Ndugu yangu, boza halinyeshi. Maji yake limeyachota mahali. Ama kisimani, ama kwenye bomba lile lile ambalo mwenzako wa Tabata analisubiri usiku na suruali imelowa. Viongozi walitangaza hadharani mwezi uliopita: Mto Ruvu umepungua, uzalishaji umeshuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300, na jiji linahitaji milioni 544. Angalia hesabu hizo polepole. Hata siku za neema, mto ukiwa umejaa, tulikuwa tunapungukiwa karibu milioni 80. Mgawo ulikuwepo, ila haukuwa na ratiba.

Simtanki zako mbili zikijaa ni ndoo elfu moja. Nitakupa kipimo. Mwaka 2018 jiji la Cape Town, Afrika Kusini, lilifikia hatua ya kuhesabu siku zilizobaki kabla ya kufunga mabomba ya majumbani. Waliiita Siku ya Sifuri. Mvua ilikuwa imekataa miaka mitatu mfululizo, na bwawa lao kubwa la Theewaterskloof lilikuwa limekauka kiasi cha watu kutembea kwa viatu kwenye tope lililopasukapasuka. Kuanzia tarehe 1 Februari kila mtu akawekewa kikomo cha lita 50 kwa siku: kuoga, kupika, kufua, choo, vyote humo humo. Ni ndoo mbili na nusu. Kuosha gari au kumwagilia bustani kwa maji ya bomba la jiji ikawa marufuku, na waliokaidi wakafungiwa kifaa kwenye mita kinachokata maji wakimaliza fungu lao. Mtu mmoja wa Cape Town angeishi kwa matangi yako siku 400.

Na hayo macho ya majirani unayoyalalamikia, kule yaliwekwa rasmi. Jiji lilitoa ramani mtandaoni: nyumba iliyotumia chini ya lita 6,000 kwa mwezi iliwekewa nukta ya kijani kilichokolea, na ya kati ya 6,000 na 10,500 kijani hafifu. Wengine walilalamika kwamba wanaanikwa. Lakini fikiria mwenyewe: kijani cha kujivunia kilikuwa cha kwenye ramani. Cha bustanini ndicho kilichotia aibu.

Siku ya Sifuri haikufika. Watu walibana, mvua ikarudi katikati ya mwaka ule. Lakini kuna jambo moja la Cape Town halinitoki. Watu wa mitaa ya vibanda, wanaochota kwenye mabomba ya pamoja, walitumia chini ya asilimia 5 ya maji yote ya jiji. Tishio kubwa la Siku ya Sifuri lilikuwa kwamba kila mtu atapanga foleni na kupewa lita 25. Kwa mtu wa kibanda hiyo ni Jumatano ya kawaida. Ikawa dharura foleni ilipowakaribia watu wenye nyasi.

Kwa hiyo, nyasi zako ziache ziwe kahawia. Nyasi hazifi haraka, mizizi inasubiri mvua. Sisi wengine ndio hatuna mizizi. Na usiku wa mgawo, tangi la kwanza likijaa, funga koki. Wewe uko mwanzo wa bomba. Ukilijaza la pili mpaka alfajiri, wa mwisho wa laini anapata hewa tu, halafu anaambiwa ratiba ilizingatiwa.

*Shangazi, nimefunga pampu kwenye bomba la mtaa, inavuta vizuri sana. Shida yake inalia kama mashine ya kusaga. Nitaizimaje sauti?*
— Fundi Mwenyewe, Segerea

Godoro bovu na blanketi mbili zitaua sauti. Hazitamziba mdomo jirani wa nne kushoto kwako, ambaye akiweka kidole kwenye koki yake usiku anahisi kinanyonywa. Na bomba lililopasuka ukilinyonya, linanyonya na kile kilicholala juu yake. Mtaani kwenu bomba limelala chini ya mtaro. Chemsha maji yako, tena uchemshe mara mbili, halafu ufungue hiyo pampu kabla hawajaja kukufungulia wenye bomba lao.

*Shikamoo Shangazi. Mama mkwe wangu ametoka Matombo, Morogoro, kuja kutusalimia wiki mbili. Huu ni mwezi wa tatu. Anaoga ndoo nzima asubuhi na nzima jioni, na nusu ndoo ya miguu. Nikimgusia mgawo kwa adabu zote, anajibu: "Mto huo unatoka kwetu." Mke wangu anacheka tu.*
— Mkwe Mwema, Kimara

Marahaba baba. Pole, maana mama mkwe wako amesema kweli, na hakuna kitu kigumu kama mkwe mwenye haki.

Ruvu inazaliwa kwenye milima ya Uluguru. Vijito vya huko Matombo na Mgeta vinakusanyika, vinashuka bondeni, vinapita Kidunda, ndipo vinafika Mlandizi kwenye mtambo wa Ruvu Juu unaokulisha wewe wa Kimara. Maji yanayobaki yanakwenda Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Njiani kuna wenye mashamba wanaochepusha, kuna mifugo inayoingia mtoni, na kule juu kuna miti iliyokwisha kuwa mkaa, mkaa wenyewe umeuzwa Kimara. Mwaka huu vuli nayo imechelewa. Ukimwambia bibi wa Matombo afunge koki, yeye anaona mtu wa mwisho wa mto anamfokea mtu wa mwanzo wa mto.

Halafu usisahau, Waluguru hufuata ukoo wa kikeni. Ardhi ya milimani ni ya akina mama. Kwa hesabu hiyo wewe ni mpangaji wa maji ya mkweo, na kodi hujalipa.

Mwendee na unga, sukari na kitenge, ukae kwenye mkeka, umwombe ruhusa ya maji kama unavyoomba shamba. Usitaje mgawo. Sema, "Mama, maji yako tunayamaliza sisi watoto, tufundishe kuyatunza." Halafu mnunulie beseni pana, aoge amesimama ndani yake, maji hayo yakusanywe yaende chooni. Ndoo mbili zake zitakuwa zimefanya kazi ya nne, na heshima haijamwagika. Mkeo mwache acheke. Alijua tangu wiki ya kwanza.

Akikuuliza lini maji yatatosha, mwambie visima vya Kigamboni vimewashwa mwezi huu, na mkataba wa bwawa la Kidunda, litakaloshika lita bilioni 190, umesainiwa. Mimi bwawa hilo nilianza kulisikia nikiwa msichana wa kusuka twende kilioni. Sasa nasuka mvi. Lakini karatasi imesainiwa, nimeiona kwenye televisheni, na mama mkwe naye ana haki ya kufurahi.

*Shikamoo Shangazi. Mimi nasoma darasa la tano. Shuleni tumeambiwa kila mtoto aje na maji kidumu cha lita tano cha kusafishia vyoo. Nyumbani mama anasema hatuna. Nikienda bila maji naambiwa nirudi. Na kidumu changu hakina mfuniko, yakiwepo yanamwagikia sketi.*
— Mwanafunzi, Mbagala

Marahaba mjukuu wangu, barua yako nimeiweka juu ya zote.

Mwambie mama asikupe maji mapya. Maji aliyosuuzia vyombo mara ya mwisho, yasiyo na mafuta, yanatosha choo, choo hakichagui. Ukiosha uso asubuhi, osha juu ya kidumu, hata kikombe kimoja kinasaidia. Na kama mwalimu atakurudisha, mwonyeshe ukurasa huu, umwambie bibi mmoja wa gazetini anauliza mtoto aliyekaa nyumbani anasafisha choo gani.

Mfuniko usinunue. Mwombe muuza mahindi ya kuchoma gunzi moja, chonga ncha yake kidogo kwa kisu cha mama (akiwepo), ulizungushie kitambaa, ulikandamize mdomoni mwa kidumu. Chagua gunzi kavu la juzi. La leo bado bichi, likilowa linateleza, na utafika shuleni sketi imetangulia kufuliwa.