Sare ya Jeshi na Mkasi wa Fundi

Sare ya jeshi hushonwa kabla mvaaji wake hajajulikana, na humo ndimo yanamoanzia karibu matatizo yake yote. Fundi wa mtaani humpima mteja kwanza ndipo akate kitambaa. Jeshi hukata maelfu ya suruali, kisha ndipo litafute vijana wa kuzijaza. Vijana nao hawakuumbwa kwa agizo la mkandarasi. Yuko mwenye kifua kipana na miguu mifupi, na yuko mrefu mwembamba ambaye akipata suruali inayomfika miguuni, kiunoni ataingia yeye na nusu ya mwenzake.

Kwa muda mrefu, katika jeshi la Uingereza, kuvisha kikosi kulikuwa kazi ya kanali wake. Alipewa fungu la fedha, akaagiza nguo kwa wafanyabiashara, na kilichosalia kikawa chake. Utaratibu huo ulidumu hadi katikati ya karne ya 19, na hauhitaji hesabu ngumu: kila pindo lililopungua lilikuwa shilingi iliyoongezeka. Nguo zilifika kwa mafungu, zikagawiwa, na mafundi wa kikosi wakabaki kuzikata upya ili zifanane na binadamu waliokuwamo. Lord Cardigan alikwenda upande wa pili. Yeye alitoa fedha zake mwenyewe kuwapendezesha askari wa farasi wa kikosi chake, cha 11 cha Hussars, na suruali zao nyekundu zilibana mpaka magazeti ya London yakapata cha kuchekea. Jinsi mtu aliyebanwa hivyo anavyopanda farasi ni swali ambalo inaelekea hakuulizwa fundi.

Marekani ilijaribu kulimaliza jambo hili kwa namba. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1861, makoti ya kawaida ya askari wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini, yalishonwa kwa saizi nne: kifua cha inchi 36, 38, 40 na 42. Mwenye inchi 37 alichagua kubanwa au kupwaya. Mwenye 45 hakuwa na la kuchagua. Mwaka huohuo kampuni ya Brooks Brothers iliwapelekea askari wa kujitolea wa New York sare za kitambaa kilichotengenezwa kwa matambara yaliyosagwa na kushindiliwa, na nguo zikaanza kuachana vipande kabla adui hajazigusa. Kwa askari wale, saizi ilikuwa tatizo la anasa.

Uingereza nayo iliumbuka 1914. Lord Kitchener, waziri wa vita, aliita watu wa kujitolea, wakaja wengi kuliko kitambaa cha kaki kilichokuwapo nchini. Ikabidi zitolewe nguo za buluu kutoka akiba ya Posta. Mtu ameaga nyumbani kwa machozi kwamba anakwenda vitani, jirani anamwona barabarani na kumuuliza kama ana barua yake.

Katika Afrika Mashariki, kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa 1902, kilivaa kaki na kaptula. Kaptula inaonekana nguo rahisi, lakini ina mitego miwili. Ikiwa ndefu humfanya mtu mzima aonekane amevaa suruali iliyokatwa kwa haraka. Ikiwa fupi, heshima ya koplo inakuwa mashakani kila anapoinama. Kisha kuna wanga. Kaptula ya kaki iliyopigwa wanga na pasi hadi ikasimama yenyewe haifuati tena umbo la mtu. Mtu ndiye anayelifuata umbo lake.

Siku hizi kazi huanza ghalani. Kuruta hutaja saizi yake, mtunza ghala humtazama mara moja, akampa saizi nyingine. Hoja ya kwamba imezidi hujibiwa kwamba atakua. Hoja ya kwamba imebana hujibiwa kwamba mazoezi yatampunguza. Majibu yote mawili huwa na ukweli kidogo, ndiyo maana hayapingiki. Jioni makuruta hubadilishana wao kwa wao bwenini, na soko hilo lisilo rasmi hutatua mengi kuliko ghala. Yanayobaki humwendea fundi.

Hapo ndipo penye kosa la kitaalamu ambalo mafundi wageni wa kazi hii hulirudia. Askari akiambiwa asimame apimwe, husimama mguu sawa: kifua mbele, tumbo ndani, pumzi imezuiwa, mikono imenyooka kando. Fundi huandika vipimo vya mtu huyo, naye ni mtu anayeishi kwa dakika moja tu. Sare ikikamilika, humtosha barabara akiwa mguu sawa. Akiambiwa mguu pande, kifungo cha tatu kinaanza kulalamika. Akikaa kula, kinaondoka. Fundi mzoefu hujifanya ameshamaliza, huanzisha maongezi ya mpira, na mteja anapolegea ndipo huzungusha utepe kiunoni kwa mara ya pili. Kipimo hicho ndicho anachokatia.

Halafu kuna kanuni. Jeshi la nchi kavu la Marekani limeandika kwamba mkono wa koti la sare ushuke inchi 1 chini ya mfupa wa kifundo cha mkono, na kwamba suruali iguse kiatu kwa mbele, kisha ikatwe mshazari ishuke kidogo kuelekea kisigino. Mtu mwenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, nao ni wengi kuliko wanavyojijua, atashonewa mikono miwili isiyolingana ili ionekane imelingana.

Mistari ya utumishi huleta balaa lake. Katika jeshi hilohilo, askari asiye afisa huvaa mstari mmoja kwenye mkono wa kushoto kwa kila miaka 3 ya utumishi, na mahali pa mistari hupimwa kuanzia chini ya mkono wa koti. Kwa hiyo mkono lazima upunguzwe kwanza, mistari ifuate. Fundi mwenye haraka hushona mistari usiku, asubuhi akagundua kuwa mkono ni mrefu. Akiupunguza, mistari yote imeteremka na lazima ifumuliwe, na kitambaa cheusi au cha buluu iliyokolea hakisahau matundu ya sindano. Sajenti wa miaka 24 ana mistari 8. Akiwa na mikono mifupi, historia yake inakaribia kiwiko.

Kwa fundi wa Tanzania au Kenya liko jambo la ziada. Sheria za nchi hizi humkataza raia kuvaa sare ya jeshi, hivyo hawezi kuijaribu yeye mwenyewe, wala kumpa mwanafunzi wake aivae asimame mlangoni. Nguo zote nyingine hutundikwa nje kama tangazo. Hii hufungwa kwenye mfuko, na ustadi wake haumleti mteja mpya.

Nguo ikitoka salama kwa fundi, inakwenda kufuliwa. Pamba ambayo haikulowekwa kabla ya kukatwa hunywea mara ya kwanza inapopata maji, na suruali iliyogusa kiatu sasa huonyesha soksi. Kaki nayo huchujuka kila inapofuliwa, kwa hiyo shati jipya juu ya suruali ya zamani hutoa rangi mbili, na mkaguzi wa gwaride ataziona zote mbili kwa umbali ambao hata saa hawezi kuisoma.

Mwisho huja vyeo, na pamoja navyo kiti cha ofisini. Fundi mwenye busara huacha nyama ya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma wa suruali, kwa siri, akijua mteja atarudi. Luteni huhitaji kuachiliwa kidogo, meja zaidi. Akifika kanali, akiba imekwisha, na kinachofuata ni kuagiza suruali mpya ghalani, ambako mtunza ghala humtazama mara moja, na kwa heshima ya cheo humpa saizi aliyoomba. Haimtoshi.