Chumvi, Vipilefti na Gari la Viti Viwili

Huku Milton Keynes, Uingereza, kijana mmoja wa Chumbageni, Tanga, amenunua gari la viti viwili. Shangazi zake walipopata taarifa hawakuuliza bei wala rangi. Waliuliza watu wengine watakaa wapi.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya mwaka 2001, paa la turubai, rangi nyekundu iliyoanza kuchoka. Aina hii ya gari ilioneshwa hadharani mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, na kufikia mwaka 2016 kiwanda kilikuwa kimeshatengeneza magari milioni moja. Sifa yake si mbio. Injini yake ni ndogo na ya kawaida tu. Kinachopendwa ni utiifu wake: injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, uzito wake ni kama tani moja tu, na kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, ili tairi likae sawasawa barabarani hata gari linapolala kwenye kona. Pale mikono hiyo inaposhikana na mwili wa gari ndipo zilipo bushi za mpira. Zikiwa nzima, dereva akifikiria tu kukata kulia, gari limeshakata. Zikifikisha miaka ishirini na ushee, gari linaanza kuwa na mawazo yake.

Na mawazo hayo hayangepata mji mbaya zaidi. Milton Keynes ulianzishwa kama mji mpya mwaka 1967, barabara zake kubwa zimechorwa mithili ya karatasi ya hesabu, na karibu kila zinapokutana kuna kipilefti. Mtu akienda kazini anavizunguka kimoja baada ya kingine kabla hajanywa chai. Kijana alipoingia kipilefti, pua ya gari ilisita kwanza, kisha ikaingia kwa pupa. Alipoachia mafuta, nyuma nako kukajisogeza pembeni kidogo, kwa kuchelewa. Chanzo kinaeleweka: bushi ya nyuma ikilegea, gurudumu hubadili mwelekeo kidogo kila mzigo unapobadilika, kwa hiyo gari huwa kama lina stelingi ya pili ambayo hakuna aliyeishika. Kwenye barabara kuu ya M1, katika njia ya pembeni iliyochimbwa mifereji na matairi ya malori, gari lilifuata mifereji hiyo hata likiombwa lisifuate.

Ushauri haukukosekana. Mfanyakazi mwenzake alisema anunue springi fupi na shokapu ngumu, gari lishuke chini, lipendeze. Kufanya hivyo ni kumvisha suti mgonjwa wa homa. Mjomba wake, fundi mstaafu kule Tanga, alisikiliza maelezo yote kwenye simu, akakohoa, akasema: "Mjomba, kwanza upepo."

Kibandiko cha mlangoni kinataka paundi 26 za upepo kwa kila tairi. Aliyeuza gari alikuwa amejaza karibu 40, kana kwamba linabeba saruji. Halafu ikaja zamu ya kusoma ubavu wa tairi, ambako tarakimu nne za mwisho hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Matairi ya nyuma yalikuwa ya umri huo. Meno yalikuwa marefu, hayana kipara hata kidogo, ila mpira ulikuwa umekauka ukawa mgumu. Aliponunua manne mapya ya aina moja, sehemu kubwa ya ukaidi iliisha hapo hapo, na bado hakuna spana iliyoguswa.

Mjomba hakuridhika. Gari likapandishwa jeki, likawekwa kwenye stendi, kila gurudumu likatikiswa juu na chini, kisha kushoto na kulia, kutafuta kama boljointi au tairodi ina mchezo. Hazikuwa nao. Shokapu za nyuma zilikuwa zimelowa mafuta, zikabadilishwa zote mbili kwa pamoja. Bushi ndizo zilizotia huruma: zimepasuka pande zote, nyingine zikimeguka kwa ukucha. Kumbe hilo halikuwa siri. Uingereza, gari likishapita miaka mitatu hupelekwa kila mwaka kwenye ukaguzi uitwao MOT, na historia ya ukaguzi huo iko wazi kwenye intaneti kwa yeyote mwenye namba ya gari, na humo bushi hizo zilikuwa zimeshatajwa. Shangazi mmoja aliposikia aliuliza kama wachumba nao wamewekewa tovuti ya namna hiyo.

Kazi ngumu ikawa boliti. Kijana alikulia Tanga, ambako hewa ya bahari inatafuna mabati, akadhani amekimbia kutu. Hakujua kuwa huku, msimu wa baridi, malori huzunguka usiku yakimwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, tena kwa fedha za walipa kodi. Boliti za kurekebishia pembe za magurudumu zilikuwa zimeshikana kabisa na mabomba ya chuma ndani ya bushi. Hazikufunguliwa, zilikatwa kwa msumeno.

Bushi mpya za mpira zikaingia. Kijana akashika spana akaze, gari likiwa bado juu, na mjomba akapiga kelele kwenye video mpaka kuku wa Chumbageni wakakimbia: "Usikaze hewani!" Mzee ana hoja. Mpira wa bushi hizi umegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje, na boliti ikishakazwa, la ndani halizunguki tena. Mpira wenyewe ndio unaojipinda gurudumu linapopanda na kushuka. Ukikaza magurudumu yakining'inia, gari likishushwa tu mpira umeshasokotwa, nao utachanika mapema. Ikabidi magurudumu yawekwe juu ya mbao nene, gari libebe uzito wake, ndipo kijana akalala chini na kukaza.

Kabla ya kwenda kwa mwenye mashine ya alaimenti, mjomba aliagiza uzi wa kuvulia. Nyuzi mbili zikavutwa ubavuni mwa gari, sambamba nalo, kisha kwa rula ukapimwa umbali hadi ukingo wa mbele wa rimu na wa nyuma, ili magurudumu ya nyuma yaangalie ndani kwa milimita chache. Jirani, mzee wa Kiingereza, alichungulia juu ya ua akauliza anajenga ukuta gani. Baadaye mashine ilirekebisha kidogo tu, kijana akiwa ameketishwa kwenye kiti, maana kwa gari jepesi hivi uzito wa dereva hubadilisha vipimo.

Vipilefti sasa anavipita kwa mkono mmoja, ingawa mama yake ameshamkataza. MOT ya juzi gari limepita, pamoja na angalizo: kutu chini ya milango, karibu na magurudumu ya nyuma. Mjomba hajawahi kushika mashine ya kuchomelea maishani mwake, lakini ujumbe wake wa sauti wa dakika nane umeshaingia.