Bahati ya Kuloweka

Kinachouzwa kwa jina la mwanzi wa bahati si mwanzi. Ni drasena, Dracaena sanderiana, mmea wa misitu ya Afrika ya Kati. Hukuzwa kwa wingi China, hukunjwa shingo, hufungwa utepe mwekundu, kisha hurudi Nairobi na Dar es Salaam kama mgeni wa heshima, kwa bei ya mgeni. Idadi ya vijiti huamua neema: vitatu ni furaha, vinne havitolewi zawadi, kwani kwa Kichina nne hutamkwa karibu sawa na kifo.

Kuuzalisha hakuhitaji nyota njema. Chipukizi hukatwa chini kidogo ya kifundo, majani ambayo yangezama huondolewa, na kijiti husimamishwa ndani ya maji mahali penye mwanga usio wa jua kali. Baada ya wiki kadhaa hutoa mizizi ya rangi ya machungwa. Maji ya mvua huufaa kuliko ya bomba, ambayo klorini na floridi zake huunguza ncha za majani. Maji hubadilishwa na chombo kusuguliwa kila wiki. Vinginevyo wanaonufaika ni mbu wa Aedes, waenezao dengi, ambao hutaga humo bila kuuliza idadi ya vijiti.