Barua ya Wazi kwa Mzee 86-033

Sange, Uwanda wa Ruzizi

Kwa Mheshimiwa Mzee Sheria Namba 86-033,
Mlinzi wa Haki za Watunzi,
Kinshasa.

Kuhusu: jina lililokatwa kwenye kona ya video

Mzee,

Ulizaliwa tarehe 5 Aprili 1986, ukatiwa sahihi na Marshal Mobutu, katika nchi iliyoitwa Zaire. Nchi hiyo ilibadilishwa jina Mei 1997, aliyekutia sahihi akafia Moroko Septemba ya mwaka huohuo, na wewe bado unaamka asubuhi unakwenda kazini. Watu wa rika lako waliobaki ofisini ni wachache. Basi kabla ya malalamiko, pokea pongezi.

Tena ulizaliwa mwaka wenye baraka zake. Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 22 Juni, kule Mexico, Maradona aliwafunga Waingereza kwa mkono, uwanja mzima ukitazama, na goli likaandikwa kwa jina la aliyeliiba. Hadi leo limo vitabuni. Nalitaja mapema usije ukadhani sisi wa Sange tunatarajia miujiza.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna kijana wa hapa kwetu anayefanya montaji. Simtaji jina, wanaomwibia nao hawamtaji, kwa hiyo amezoea. Kazi hiyo, kama haijakufikia huko kabatini unakokaa, ni kuchukua vipande vya mechi na vya nyimbo, kuvikata, kuvipanga upya, kupunguza mwendo hapa na kuuharakisha pale, hadi sekunde 30 ziweze kumliza mtu mzima. Anafanya usiku, mega za intaneti zikiwa nafuu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka aliyoipeleka mchana kuchajiwa kwa moto wa jua. Halipwi na mtu. Ni shabiki wa Leopards, timu yetu ya taifa, na ushabiki haujawahi kuwa na mshahara. Ukiwa na mshahara unaitwa siasa.

Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Ivory Coast, wachezaji wetu walisimama kwenye wimbo wa taifa wakiwa wameziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wameviweka kichwani mfano wa bunduki. Kila mtu wa Mashariki ya Kongo alielewa bila kuelezwa: tunauawa, na dunia imenyamaza. Tulifungwa 1-0, goli la Haller, lakini hapa ukiwauliza watu kuhusu mechi ile watakuonyesha ile mikono.

Kijana alichukua sekunde zile. Akatoa kelele za uwanja, akaweka sauti alizozirekodi mwenyewe: pikipiki kwenye barabara ya taifa namba 5, wanawake wa sokoni wakivutana bei, kisha kimya, kisha wimbo wa taifa ukitokea mbali. Kila mchezaji anakaa kwenye kioo muda wa pumzi moja, hazidi. Mimi si mwepesi wa kusifu, lakini niliomba anitumie na mimi. Chini, kwenye kona, kwa herufi ndogo zisizomsumbua mtazamaji, aliandika jina lake la kazi na neno Sange.

Haikupita muda video ikarudi Sange, safari hii ikitokea kwingine.

Mzee, wezi wa zamani uliowatungia vifungu walikuwa na mashine za kunakili kanda na duka la kuuzia. Huyu wa leo ana kidole gumba. Anaikuza picha kidogo hadi kona itoke nje ya kioo pamoja na jina lililomo. Ukiweka jina katikati, analibandikia kikaragosi kinachotoa machozi, ili usipate taabu ya kulia mwenyewe. Akiogopa mashine zinazotambua video zilizokwisha pakiwa, anaigeuza picha kushoto iwe kulia. Katika nakala iliyorudi kwetu, timu nzima ya taifa inaziba midomo kwa mkono usio wake, na maandishi ya jezi yanasomeka kinyumenyume. Maelfu walibofya moyo. Hakuna aliyeuliza Kongo imeanza lini kuandikwa kutoka nyuma. Na pale palipokuwa na neno Sange palikuwa na jina la mtu wa mji mwingine, na chini yake onyo: "Kuiba kazi yangu ni dhambi."

Kijana alimwandikia kwa adabu: "Kaka, hiyo montaji ni yangu." Jibu likaja haraka: "Yako? Kumbe wewe ndiye CAF?"

Hapo ndipo tulipokukumbuka. Maana swali lile, ingawa limetoka kinywani mwa mwizi, si la kipumbavu. Picha za mechi zina mwenyewe, ndiyo hiyo CAF, shirikisho la mpira la Afrika, na kijana hakuiomba ruhusa. Wimbo pia una wenyewe. Ishara ya mikono ilikuwa ya wachezaji, machungu ni yetu, na kilichobaki kwa kijana ni mkato: wapi picha ianze, wapi ikome, sauti gani ije chini yake. Vitu visivyoshikika. Lakini viondoe hivyo, uone kama kuna mtu atakayelia.

Akashauriwa apeleke shauri kwenye jukwaa la video lenyewe, ambalo lina fomu yake. Fomu inafuata sheria ya Marekani ya 1998, mdogo wako wa mbali. Inataka jina kamili la mlalamikaji na anwani anakokaa. Aliandika: "Sange, ukitokea Uvira, uliza kwenye barieri." Halafu fomu ikamtaka athibitishe, akijua kwamba kusema uongo ni kosa la kiapo, kwamba yeye ndiye mwenye haki au amepewa mamlaka na mwenye haki. Hapo akakwama. Huyu ni mtoto wa kanisani; kuapa mbele ya Marekani kwamba nusu fainali ya Afrika ni mali yake hakuweza. Mwizi, yeye, alipokuwa anapakia alibofya "nakubali" na kwenda kula.

Naomba tutembee kidogo sokoni, Mzee, kwa sababu wenzako wa Kinshasa wanapenda kulifanya jambo hili gumu. Mama akinunua kitenge kilichotoka Uholanzi na kumpelekea fundi wa hapa, nguo ikishonwa hakuna anayesema mshono ni wa kiwanda. Na fundi wa pili akiinyofoa lebo ya yule wa kwanza na kubandika yake, hatumwachi aende eti kwa sababu kitambaa kilitoka Uholanzi. Kiwanda kama kina kesi na fundi wa kwanza, kije. Kesi hiyo haimhalalishii wa pili.

Hata babu yako, Mkataba wa Berne, anakubali kwamba tafsiri na kazi zilizotoholewa hulindwa kama kazi zinazojitegemea, bila kupunguza haki ya mwenye kazi ya kwanza. Wanasheria watabishana kama ulinzi huo unamfikia aliyetohoa bila ruhusa. Waache wabishane, ndio ugali wao. Mimi babu huyo ananifurahisha kwa sababu nyingine. Alizaliwa mwaka 1886, Ubelgiji ikiwa miongoni mwa watia sahihi wa kwanza. Mwaka mmoja tu kabla yake kikao cha Berlin kilikuwa kimemalizika, na mfalme wa Ubelgiji, Leopold wa Pili, akawa na Kongo yote kama mali yake binafsi. Utaratibu mzuri: kwanza nchi nzima ichukuliwe, kisha watu wakae chini watunge sheria kuhusu kunakili kitabu.

Sasa tufike kwenye faini zako. Zimeandikwa kwa zaire. Hapa sokoni tunalipana kwa faranga za Kongo, kwa dola, hata kwa faranga za Burundi zinazovuka mpaka. Zaire mara ya mwisho nimeiona kwa mtoto anaichezea. Mwaka 1993 zaire milioni tatu za zamani zilifanywa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya laki moja zikafanywa faranga moja. Faranga moja, basi, ni sawa na zaire za enzi zako bilioni 300. Unaikumbuka ile noti ya zaire milioni tano ya Desemba 1992, ambayo wafanyabiashara waliikataa, na askari waliolipwa nayo wakaipora Kinshasa mwezi uliofuata? Tuseme uwe mkali kupita kiasi, umtoze kila mwizi wa montaji noti hiyo nzima. Ili tupate senti moja ya leo itabidi tukamate wezi 600. Najua mahakimu wana njia zao za kugeuza faini ziendane na wakati. Lakini mwizi naye anajua kupiga hesabu, na ana simu yenye kikokotoo.

Wala kijana hadai pesa. Anadai jina, na hilo ndilo linalowashangaza watu wa ofisini, kana kwamba jina ni kitu cha bure. Wewe unakaa Kinshasa, unajua libanga. Mwanamuziki anapomtaja mfanyabiashara au mbunge katikati ya sebene, aliyetajwa amekwisha toa bahasha, au anajua itakuwa ikisubiriwa. Wapo waliotajwa kwenye wimbo mmoja hadi mpenzi anayeimbiwa akasahaulika. Jina ndani ya kazi ya mtu mwingine lina bei, na bei hiyo hulipwa kwa dola. Mwizi wetu amejirushia libanga bila kulipa hata uniti za simu.

Wazee wa fani hii ya kuzitengeneza upya picha za watu walikwisha gundua namna ya kulilinda jina. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Nairobi walichukua filamu za watu, za Kihindi, za Kichina, za Marekani, wakazisimulia kwa Kiswahili, na ruhusa ya Hollywood haikuwa jambo la kuwanyima usingizi. DJ Afro analipachika jina lake ndani ya simulizi lenyewe. Risasi zinapita, jambazi anaruka ukuta, na yeye anajitaja. Tulidhani ni majivuno. Kumbe kona ya kioo inakatika, lakini sauti iliyofumwa ndani ya maneno ukiikata umeikata filamu. Nimemshauri kijana afanye hivyohivyo. Amekataa. Anasema kwenye video ile, mahali pa sauti yake pana kimya, na kimya kile ndiyo kazi yenyewe.

Kwa kuwa wewe hujafika, vijana wamejiundia baraza lao. Limo kwenye WhatsApp, na mwenyekiti, wanamwita admini, hajatimiza miaka 18. Sheria zao hazina namba. Vipande vya mechi ni vya wote. Mkato ni wa aliyekata. Ukichukua montaji ya mwenzio, unamtaja juu, palipo wazi, si chini ya "soma zaidi". Anayelalamika hapeleki kiapo. Anapeleka picha ya meza yake ya kazi kwenye simu, tabaka zote zikionekana, sauti iko wapi, picha iko wapi. Mwizi hana meza hiyo. Ana video iliyokwisha pikwa tu, na shauri linaisha kabla admini hajaitwa kwenda kuchota maji. Adhabu ni kuomba radhi kwenye statusi saa 24, na anayekaidi anatolewa. Kweli, anarudi na namba nyingine. Lakini naona ushahidi wa tabaka ni bora kuliko kiapo cha Marekani, na ningependa mahakimu wa Uvira waje wakae nyuma ya yule mtoto siku moja wajifunze.

Kuna jambo sitalitania. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapa Sange, likalipuka, watu zaidi ya 230 wakafa. Baadhi yao walikuwa wamekusanyika kutazama Kombe la Dunia. Wengi walizikwa kwenye makaburi ya pamoja kwa sababu hawakutambulika. Picha zilizunguka dunia, zikiwa na jina la mpigapicha na la shirika lake, na hiyo ni haki yao, walifanya kazi. Sisi tulikuwa "wakazi". Kijana huyu wakati ule alikuwa hajaanza shule. Anapoandika Sange kwenye kona ya kitu kizuri, anajua anachofanya, na aliyeikata kona ile amekata zaidi ya jina la mtu mmoja.

Kwa hiyo tunakuomba uteremke, Mzee. Usije peke yako. Njoo na mdogo wako Kanuni ya Dijitali, aliyezaliwa tarehe 13 Machi 2023. Yeye atashika simu, wewe utashika kalamu, msigombane njiani. Njooni mtuambie kama kijana aliyechukua ili atengeneze na kijana aliyechukua ili afute mnawaona sawa. Mkisema ni sawa, tuandikieni hivyo kwa mhuri, tuache kupoteza mega. Mkisema si sawa, mwelezeni mwizi kwa lugha atakayoielewa, na faini muihesabu kwa pesa tunayoweza kuishika mkononi.

Barabara ya kutoka Kinshasa kuja huku usiitafute, panda ndege. Ukishafika Uvira, chukua gari la kwenda kaskazini kwenye namba 5. Kwenye barieri watakuomba karatasi. Wewe mwenyewe ni karatasi, utapita. Wakiomba kitu kingine juu yake, usishtuke, unakaribia Sange.

Wako katika kusubiri,
Mkaaji mmoja wa Sange