Vita vya Milango

Wewe uliyejenga ukiwa na mke, mama mkwe na mabinti ndani, huhitaji kusimuliwa. Kwetu hapa Muscat, ugomvi wa nyumba huanzia milangoni. Mchoraji alituletea ramani yenye sebule moja kubwa, wazi mpaka jikoni. Mama mkwe, ambaye wajukuu wanamwita Jemadari, aliitazama, akauliza, "Wageni wako wakikaa hapa, sisi tupite wapi?"

Ramani ikarudi kwa mwenyewe.

Majlisi ya wanaume ikasogezwa karibu na geti, na choo chake na pa kunawia, mgeni asiwe na sababu ya kuingia ndani. Ukumbi wa wanawake ukawekwa nyuma, na mlango wake ubavuni. Mlango wa tatu ni wa jikoni, chakula kifike majlisi bila wapishi kuonekana. Mke wangu akataka ukumbi wake uizidi majlisi, kwani kiwanja ni chake: tangu 2008 wanawake wa Oman wana haki sawa na wanaume ya kugawiwa viwanja. Ningebisha vipi?

Jemadari ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja, na ukilalamikia gharama anakupeleka Forodhani. Huko, jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, liliunganishwa na majumba ya jirani kwa madaraja ya juu, wanawake wa kifalme wavuke bila kuonekana na wapita njia. "Mwenzio alijenga madaraja, mwanangu. Wewe mlango tu?"

Wapo wanaosema kuta hizi ni za kumfungia mwanamke. Za kwangu wamezichora wanawake wenyewe, na nyuma yake mitandio inavuliwa na vicheko vinafika kwa jirani. Lakini binti yangu mkubwa, tunayemwita Wakili, ana hoja nzito: chumba bora kinafungwa wiki nzima kikisubiri wageni, nasi tunabanana nyuma. Amepewa ufunguo, siku zisizo na wageni anasomea majlisi na wenzake.

Basi Idi ikafika. Sinia la wali na nyama ya shuwa likagoma kwenye mlango wa tatu. Fundi kauweka mwembamba! Ikabidi tulipitishe ukumbi wa wanawake: piga hodi, ngoja mashangazi wote wajifunike, ngoja na yule anayetafuta buibui lake, wali unapoa, wazee majlisi wameshanawa. Fundi anakuja kubomoa Jumamosi, na Jemadari keshampigia simu: maadamu anashika nyundo, atoboe na kidirisha cha kupitishia kahawa.